Sahani Zinazofunikwa

Mama yangu alikuwa akimtafunia mtoto samaki. Wanawake wa upande wetu walifanya hivyo wote, na wengine bado wanafanya. Ngege, samaki wa ziwa letu, ana miiba myembamba ambayo vidole haviioni, lakini ulimi unaiona. Basi mama alitia mnofu mdomoni mwake, akaugeuza taratibu, akatema miiba kando, kisha kilichobaki, laini kama uji mzito, akakitoa kwa ncha ya kidole na kukitia kinywani mwa mtoto. Sikumbuki akinilisha mimi namna hiyo. Nilimwona akimlisha mwanangu wa kwanza, nimekaa naye jikoni kwake, mtoto amefungua mdomo kama kifaranga. Hakuna aliyeona ni jambo la ajabu.

Kwetu ni Nyakach, mwendo mfupi kutoka soko la Pap Onditi. Baba alioa wake wawili, akafa nikiwa darasa la nane, na masomo yangu yakaishia hapo. Mama yangu ndiye aliyekuwa mke mkubwa. Yule wa pili, sisi watoto tulimwita mama mdogo. Baba alipokuwa hai, wanawake hao waligombania kila kitu, hata kivuli cha ghala. Baba alipokwisha kuzikwa waliona hakuna tena cha kugombania, wakaanza kula pamoja. Jioni mmoja alipika, mwingine akabeba kigoda chake na kuvuka ua. Ugali mmoja, bakuli moja la samaki au mboga, mikono miwili. Mama alikuwa na mazoea ya kumsogezea mwenzake kichwa cha samaki, kwa sababu mama mdogo alipenda kunyonya macho yake. Mama mdogo naye alikuwa mfinyanzi, na kila mara chungu kilipotoka vizuri kutoka motoni, alimletea mama kwanza akigonge kwa kidole, asikie kama kinalia. Wageni waliowaona walidhani ni dada.

Tumbo la mama lilikuwa likimsumbua tangu nilipokuwa mdogo. Kiungulia, kichomi chini ya kifua, gesi. Alikunywa maziwa, akalamba majivu, akanunua kule sokoni dawa nyeupe ya chupa. Kila aliyemweleza alisema ni alsa, vidonda vya tumbo, na kila aliyesema alsa alisema ni mawazo. Mjane akiumwa tumbo anaambiwa aache mawazo, kana kwamba mawazo ni sigara. Mama alicheka, akasema mawazo yake yote yalikuwa yamezikwa na mzee, sasa hayo mengine yanatoka wapi.

Halafu jioni moja alikula kwa mama mdogo, ugali na samaki mbuta wa kukaanga, na kabla ya alfajiri alikuwa akijikunja kitandani kama mnyoo uliomwagiwa chumvi. Nilikuwa nimekuja nyumbani kutoka Kisumu, kwa hiyo nilikuwepo. Asubuhi shangazi alifika. Huyu alikuwa dada ya baba, mjane pia, mwenye chumba cha kukodi pale sokoni. Alikuwa mchekeshaji. Matanga bila yeye yalikuwa makavu. Watu walimfuata ili wamsikie akilia na kusema maneno. Aliingia, akamtazama mama, na hakuuliza mama amekula nini. Aliuliza, "Ulikula kwa nani?"

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza kwa mtu wa tumbo. Tuna kitu tunakiita sihoho. Ni jicho. Mwanamke mwenye jicho hilo akikutazama ukila, kile chakula hakishuki, kinabaki tumboni kama jiwe, na wewe unaanza kuoza ukiwa hai. Mwenyewe anaweza asijue kwamba analo. Mama humwachia binti, na binti humwachia binti yake, kwa hiyo watu hawaulizi tu juu ya mwanamke, wanauliza juu ya nyumba aliyotoka. Nasema haya kwa sababu msomaji wa mbali anaweza kudhani tulikuwa wajinga kuliko watu wengine. Tulikuwa na mchungaji, tulikuwa na kliniki, na tulikuwa na sihoho, na hakuna hata kimoja kilichomfukuza mwenzake.

 Kwa swali lile mama alitazama tu upande wa nyumba ya mama mdogo, na shangazi akaona.

Mimi nilimpeleka Ahero kwanza. Kule kliniki walichukua choo wakapima, na mhudumu akatuambia ana bakteria tumboni, wale wanaoitwa pailori. Akampa vidonge vya aina tatu, vya asubuhi na jioni, kwa wiki mbili. Alikazia sana jambo moja: asiache katikati hata akipata nafuu, na akimaliza arudi apimwe tena. Vidonge vile vilikuwa vikubwa, na vilimwacha mama na ladha ya chuma mdomoni. Shangazi alivichukua mkononi akavipima uzito. Alisema vya ng'ombe hivi, na ng'ombe mwenyewe angekataa.

Mama alikuwa ndani ya wiki ya kwanza ya vidonge wakati shangazi alipomleta mtoaji wa sihoho, mwanamke mnene, mpole, aliyevaa sare ya kanisa. Alimlaza mama kwenye mkeka, akampaka tumbo kwa maji na majani, akamchanja kwa wembe chini ya mbavu, michanjo midogo kama ya kucha za paka, kisha akasugua na kukamua kwa muda mrefu. Alipofungua kiganja kulikuwa na kipande cha ngozi ya samaki, punje za ugali mkavu na mwiba mmoja. Akaviweka kwenye kisahani. Niliviona kwa macho yangu. Sijui vilitoka wapi. Naandika nilichoona.

Shangazi aliinama juu ya kile kisahani kama sonara. "Hii ngozi ni ya mbuta," alisema. "Sasa wewe mke wa ndugu yangu, mbuta ulimla wapi?"

Mama alilia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata kaburini kwa baba. Jioni ile maumivu yalipungua, na siku zilizofuata yakapungua zaidi, akala, akalala. Vidonge vilivyobaki alivitupa chooni. Nilimwambia huenda ni vidonge vilivyomsaidia. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba vidonge havikutoa mwiba. Hakurudi Ahero kupimwa.

Tangu hapo mama mdogo hakula tena na mtu.

Hakuna aliyemshitaki. Kama wangemshitaki angejitetea. Mama alianza tu kupika mapema na kula mlango umefungwa. Kigoda cha mama mdogo kilirudishwa na mtoto, kikaachwa mlangoni kwake. Alipopita uani wakati wa chakula, sahani zilifunikwa: kwa ungo, kwa kitambaa, kwa sahani nyingine, na aliyekosa cha kufunikia aliweka mikono. Wake za jirani walifundisha watoto wao. Nilimwona mtoto mdogo sana, hata kusema hajajua vizuri, akiona mama mdogo anakuja akakumbatia kikombe chake cha uji kifuani mpaka ukamwagika.

Sokoni vyungu vyake vilibaki. Mwanamke mmoja alivigonga, akasikia vinalia vizuri, akaulizia bei, halafu mwenzake akamwambia kwa sauti ya mzaha, "Chukua, lakini ni vya kupandia maua." Watu wakacheka. Mama mdogo naye alicheka, kwa sababu ungefanya nini. Baada ya hapo kweli alianza kufinyanga vya maua, vyenye tundu chini, na walionunua walikuwa watu wa magari waliopita wakielekea Kisumu au Kisii, wasiojua.

Yeye alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyeolewa Luanda Kotieno, ng'ambo ya ziwa, kwa watu wenye mashua na vitanda vya kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani. Habari ilivuka maji kabla ya mwaka kwisha. Mama mkwe wa yule binti hakumfukuza. Alimwambia tu apumzike, asipike kwa ajili ya nyumba, apike chake na watoto wake. Wakangoja. Walitaka kuona mama yangu atapona au atakufa.

Miaka ilipita namna hiyo. Mimi nilikuwa Obunga, mjini Kisumu, nakaanga mgongo wazi. Ni mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa kwa ajili ya watu wa nje. Sisi tunainunua, tunaikaanga, na watu wa mtaa wanakula. Kazi yangu, kwa hiyo, ni watu kula kutoka mkononi mwangu. Nilijua vizuri mama mdogo alikuwa amepokonywa nini.

Mama alikuja kwangu amekonda. Shingo yake ilikuwa imebaki kamba. Alikula vijiko viwili akasema ameshiba, na kesho yake alitapika chakula cha jana, kikiwa bado kinatambulika, mchele ni mchele, nyanya ni nyanya. Choo chake kilikuwa cheusi. Nilimpeleka hospitali kubwa. Wakampitisha kamera kooni, wakakata vipande vidogo vya nyama ya tumbo kwenda kupima. Nilipoelezwa habari ya vile vipande nilifikiria kisahani cha yule mtoaji, na niliona aibu kufikiria hivyo, lakini nilifikiria.

Siku ya majibu shangazi alikuja kutoka Pap Onditi. Alivaa nguo nzuri. Tulikaa watatu mbele ya daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kutolala. Alisema kwa Kiswahili kwamba ni kansa ya tumbo, iko sehemu ya chini pale chakula kinapotokea, na imeshashika ini. Hawangeweza kuikata. Wangempa dawa za maumivu. Nilimwambia mama kwa Kijaluo, na sikupunguza kitu, kwa sababu alikuwa ameniomba nyumbani nisipunguze.

 Mama akasema, "Muulize imetoka wapi."

Daktari alieleza kwa uvumilivu. Alisema hakuna anayeweza kuapa kwa mtu mmoja. Lakini wale bakteria waliopatikana Ahero wanajulikana kuwa moja ya vitu vinavyoleta kansa ya namna hii. Wanakaa tumboni miaka mingi, wanalichubua polepole, na kwa watu wachache, si wengi, jeraha hilo hugeuka. Watu wengi wanao na hawapati kansa kamwe. Niliuliza ingekuwaje kama angemaliza vile vidonge. Alisema labda ingesaidia, labda jeraha lilikuwa limeshakwenda mbali, hakutaka kunidanganya. Nikauliza bakteria wenyewe wanatoka wapi. Akasema kwa kawaida mtu huwapata utotoni, ndani ya nyumba, kwa watu anaoishi na kula nao. Kutoka mdomo hadi mdomo, au mikono, au maji machafu.

Nilitafsiri yote. Nilitafsiri sawasawa. Neno la utotoni nililisema mara mbili.

Shangazi alikuwa akitikisa kichwa tangu katikati, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Tulipotoka nje, kwenye benchi la varanda, alimfunika mama shuka mabegani na kusema, "Si daktari amesema mwenyewe. Ni mtu aliyekula naye bakuli moja. Mimi sikusoma, na nilisema hivyo hivyo, bila kamera."

Nilimwambia daktari amesema utotoni. Mama alipokuwa mtoto, mama mdogo hata hakuwa amezaliwa.

"Na kamera ilimkuta utotoni?" aliniuliza. "Ilimkuta sasa."

Nilimgeukia mama. Nilidhani atasema kitu. Alikuwa akitazama wagonjwa wengine wakila chakula kilicholetwa na ndugu zao, akiwaangalia vinywa. Alisema tu kwamba anataka kufia nyumbani.

Tulimrudisha. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na pale Ahero maji ya mto yalikuwa yamepanda barabarani, tukakaa kwenye gari muda mrefu tukisubiri yashuke, mama ameshika ndoo mapajani. Shangazi aliwasimulia abiria wenzetu kwa sauti ya chini habari ya bakuli moja. Mmoja wao, mwalimu, alisema hata yeye amesoma kwamba ni kweli, ugonjwa huo unapitia kwenye kula pamoja. Hadi tunafika Pap Onditi jicho lilikuwa limepata cheti.

Mama mdogo alikuja asubuhi iliyofuata. Alisimama kizingitini kwa ubavu, uso ameuelekeza nje. Alikuwa ameshajifunza kusimama hivyo kwenye nyumba za watu, ili macho yake yasiangukie sufuria. Kwa kuwa mama alikuwa macho, alizungumza naye akiwa ametazama uani.

"Mke mwenzangu, sikuja kuomba msamaha, maana sijui wa nini."

Mama alisema aingie. Hakuingia.

"Ukifa hujala mkononi mwangu, mtoto wangu atarudishwa. Watasema umeenda na sihoho yangu tumboni. Mimi nimezoea. Yeye ana watoto wa kike." Alijifuta pua. "Kula kwangu mara moja tu, watu wakiona. Uji, hata vijiko vitatu. Halafu ufe."

Ndivyo alivyosema, halafu ufe, na mama alicheka kicheko kidogo kikavu, kile cha zamani cha jikoni. Alisema, "Wewe hujawahi kujua kubembeleza." Kisha akasema atakula.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapa nikaacha kwa muda mrefu.

Siku ilichaguliwa Jumapili baada ya kanisa. Mama mdogo alitaka shahidi, kwa hiyo mama mkwe wa binti yake aliitwa, akavuka kutoka Luanda Kotieno na mwanawe na yule binti. Mchungaji alikuja. Shangazi alikuja bila kuitwa, akakaa karibu kabisa. Majirani walijaza ua kama kuna mnada. Mama alitolewa nje kwa godoro, akaegemezwa ukutani kivulini, na mimi nilikaa nyuma yake aniegemee.

Mama mdogo alikuwa amesaga wimbi usiku kucha kwa mkono, hakutaka unga wa mashine. Aliukoroga uji mbele ya watu wote, katika chungu chake mwenyewe, sufuria hakuitaka. Aliuonja kwanza mbele yao. Akauchuja, mwepesi, mama asipate taabu. Kisha akapiga magoti mbele ya mama na kwa mara ya kwanza kwa miaka ile yote alimtazama usoni akila.

Mama alimeza kijiko cha kwanza. Nilihisi mgongo wake ukishuka na kupanda. Akameza cha pili. Mama mkwe wa binti alikuwa ameweka mkoba wake chini, na nikaona uso wake umeanza kulegea. Mama akameza cha tatu, halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuongeza, akashika mkono wa mama mdogo na kuuvuta aletewe cha nne. Watu waliguna kwa furaha. Mchungaji alisema asante Yesu.

Kile kijiko cha nne mama alikishikilia mdomoni. Nilihisi mwili wake ukikakamaa. Mimi nilijua, kwa sababu kwangu Kisumu nilikuwa nimeshika ndoo kila siku: mlango wa tumbo lake ulikuwa umeshafungwa na ile nyama, hakuna kilichokuwa kikipita tena, si cha mke mwenzake wala cha malaika. Alibana midomo. Alibana mpaka machozi yakamtoka. Aliweka kiganja juu ya mdomo wake na kingine juu ya hicho. Nilimsikia akimeza kilichokuwa kinarudi, akakimeza tena.

Kisha kikatoka. Kilitoka kwa nguvu, kati ya vidole, juu ya khanga ya mama mdogo na juu ya chungu, uji na nyuma ya uji maji meusi kama mashapo ya kahawa, na harufu. Aliendelea kutapika hata pale ambapo hakukuwa na kitu.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Shangazi hakusema neno, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya, kwamba yeye, mwenye maneno yote, hakuona haja. Mama mkwe aliinama akaokota mkoba wake, akaupangusa chini, akamwambia mwanawe kwamba feri haitawangoja.

Mama mdogo alibaki amepiga magoti. Alianza kupangusa, kwa khanga ile ile, kidevu cha mama kwanza, kisha mikono, kidole kimoja kimoja. Mama alikuwa akijaribu kusema. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alisema, "Nimejaribu, mke mwenzangu." Sauti yake haikufika hata kwenye safu ya kwanza ya watu.

Alikufa juma lile, mchana, watu wakiwa shambani. Kwenye matanga mama mdogo hakupewa chungu wala mwiko. Alikaa nyuma ya nyumba yake, na waliobeba chakula cha waombolezaji walizunguka kwa njia ndefu wasipite mbele yake. Shangazi alilia vizuri kuliko alivyowahi kulia. Alitembea akienda na kurudi kando ya jeneza, akimwuliza marehemu alikula nini kilichomla, akimwambia asalimie mzee na amweleze ni nani aliyebaki ameshiba. Watu walilia na wengine wakajizuia kucheka. Nilikuwa namsikiliza na nilimchukia, na pia nilijua kwamba analia kweli, kwamba alimpenda mama yangu. Mambo hayo mawili sijaweza kuyatenganisha hadi leo.

Yule binti hakurudishwa. Nasema hivyo ili nisiongeze chumvi. Yuko kwake bado. Mumewe anakula kwa mama yake. Ana jiko lake la pembeni, na binti zake wakienda kucheza kwa watu wanaambiwa warudi kwao kabla chakula hakijapakuliwa.

Baadaye mama mdogo alinipigia simu akasema anataka kupimwa. Nilimwuliza anaumwa wapi. Alisema haumwi popote. "Nataka kujua kama ni mimi," alisema. Kwa hiyo hata yeye alikuwa hajui. Miaka yote ile alikuwa akilala na swali hilo peke yake.

Alikuja Kisumu. Daktari yule yule alisema hata mimi inafaa nipimwe, kwa sababu mzazi wangu amekufa kwa kansa ya tumbo, na huenda tuliishi na bakteria mmoja nyumba moja. Tulipeleka vichupa vyetu pamoja, tukakaa pamoja, tukaitwa pamoja. Mama mdogo hakuwa nao. Mimi nilikuwa nao.

Daktari alieleza kwamba kipimo cha leo hakiwezi kusema yote ya zamani. Lakini alipouliza jinsi tulivyolelewa, nilimweleza habari ya ngege na miiba, naye akasema kwamba ndiyo, hiyo ni njia inayojulikana, mama hadi mtoto, na kwamba pengine mama yangu naye alipewa na mama yake kwa kidole hicho hicho. Alinipa vidonge vilevile vya ladha ya chuma. Nilivimaliza vyote, nikarudi nikapimwa, hawapo. Nilimwuliza kuhusu kazi yangu, akasema samaki anayetoka kwenye mafuta yanayochemka hana shida, nioshe tu mikono. Mwanangu mkubwa nilimwambia naye akapimwe. Alisema yuko sawa.

Siku ile ya majibu, tulipotoka hospitali, nilimwambia mama mdogo kwamba sasa tunakwenda Pap Onditi, na pale sokoni, mbele ya shangazi, nitasema wazi: yeye hana, mimi ninao, na nimewapata kutoka kwa mama yangu mwenyewe aliyenipenda. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Aliniacha nimalize. Alikuwa ametazama upande wa barabara.

"Mwanangu, wewe ulikula kwangu utotoni?"

Nilisema ndiyo, nilikula sana.

"Basi nyamaza. Ukisema unao, watasema nimekupa."

 Ndivyo wangesema. Wangesema, na daktari angekuwa shahidi wao.

Kwa hiyo sikusema, na Nyakach hawajui. Watu wa Obunga wanakula mgongo wazi kutoka mkononi mwangu, na nikipita uani kwetu wakati wa chakula hakuna anayefunika sahani; wananiita nikaribie, wananisogezea kigoda. Nikienda kwa mama mdogo nabeba chakula changu kutoka mjini, maana hataki kunipikia. Anasema nikipatwa na lolote njiani itakuwa ni yeye. Nakifungua mezani kwake na kumkaribisha tule pamoja. Anaitikia asante, anageuza kiti chake kuelekea ukutani, na anakaa hivyo, mikono mapajani, akiniuliza habari za watoto, mpaka nimwambie kwamba nimemaliza.